641 Ilivyonitoa Tongotongo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua nikiwa kidato cha pili, siku nambari moja yenye tarakimu kumi iliponiumbua.

Jioni hiyo mwalimu wetu wa hisabati alituachia swali: je, 4,294,967,297 yagawika kwa 641? Wakati wa prepu nilipiga moyo konde nikaanza kugawa kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, hadi kijasho kikanitoka. Lo! Nilipata 6,700,417 na baki sufuri. Nikamchungulia jirani yangu, ambaye sote tulimwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kutoka nafasi ya kwanza.

"We umepata ngapi?" nikamnong'oneza.

"Haigawiki, bwana. Hiyo ni tasa."

Basi, ndugu msomaji, nilishika kifutio nikafuta kazi yangu yote, nikaandika jibu lake.

Asubuhi mwalimu alitupa kisa. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4, kisha vivyo hivyo 16, 256 na 65,536. Kila moja ukiiongeza 1 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa hesabu wa karne ya 17, aliamini kuwa mfuatano huo hutoa tasa daima, ingawa hakuwa na uthibitisho. Nambari ya sita ndiyo ile yetu. Mwaka wa 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, Urusi, alionyesha kuwa 641 yaigawa barabara. Baadaye alithibitisha kuwa kigawanyo chake chochote ukikipunguza 1, kinachobaki lazima kigawike kwa 64. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Wakosa mara nne, ya tano wapata! Na hadi leo, tasa ya sita katika mfuatano huo haijaonekana.

"Nani alipata baki sufuri?" mwalimu akauliza.

Darasa likawa kimya kama maji mtungini. Mkono wangu ulikuwa mzito kama nanga. Ningesema nini, ilhali daftari langu lasema haigawiki?

Tukiwa kwenye foleni ya uji nilimwuliza Profesa alivyogawa. Akacheka. "Nigawe nini? Niliona ni kubwa mno, nikakisia tu!"

Sikumlaumu. Yeye alikisia; mimi nilijua, nikafuta. Wanachama wenzangu, jina kubwa si uthibitisho, liwe la Fermat au la jirani yako wa dawati. Gawa mwenyewe. Ukiona umekosea, futa. Lakini usifute kwa sababu mwingine amekohoa.