Mcheza Kwao

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ndugu msomaji, wahenga wale hawakufika Melbourne.

Huku hata neno lenyewe "mpira" lina utata. Ukimwambia mwenyeji kwamba unapenda mpira, atadhani unasema ule wa kwao, wenye gozi la umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu kwenye uwanja wa kriketi. Huu wetu wengi wanauita soka, na kwa miaka mingi soka lilihesabiwa kuwa mchezo wa wahamiaji: Wagiriki, Wataliano, Wakroeshia, na siku hizi Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi na sisi wengine tulioshuka kwenye ndege juzijuzi. Mimi niko hapa mwaka wa saba. Usiku napakia maboksi ghalani, mchana nasoma. Ghalani humo ndimo nilimojifunza jambo moja kuhusu mashabiki wa soka wa Australia ambalo halinitoki kichwani: mpira wanaupenda kufa, lakini cha kwao hawakiamini mpaka kigongwe muhuri ng'ambo.

Tuanze na huo muhuri. Mechi inayoanza Uingereza Jumamosi saa tisa alasiri, Melbourne ni saa sita usiku, na majira yakibadilika inakuwa saa nane. Nyie huko nyumbani mnaitazama jioni, kahawa mkononi, kelele mtaa mzima. Huku mtu mzima na akili zake, ana mke, ana mkopo wa nyumba, anatega saa imwamshe, ananyata gizani mpaka sebuleni, anazima sauti ya televisheni asije akaamsha watoto, na Liverpool wakifunga anashangilia huku ameng'ata mto. Hayo si mapenzi ya kawaida. Mwaka 2013 Liverpool hao hao walikuja kucheza na Melbourne Victory, mechi ya kirafiki tu, na uwanja wa MCG ukaingiza watu 95,446. Wimbo wa Liverpool ulivyoimbwa siku ile, ungedhani Victory ndio waliosafiri.

Sasa mwulize shabiki wa namna hiyo habari za A-League, ligi ya nyumbani. Pale kazini tunaye dereva mmoja wa foklifti, mnazi wa Liverpool mpaka kajichora chale mgongoni. Siku moja wakati wa chai nilimwuliza kwa nini haendi kuwaangalia Victory, wakati treni inamshusha karibu na uwanja. Akacheka.

"Ile si ligi, bwana. Ile ni sehemu wazee wa Ulaya wanakuja kula kiinua mgongo."

Aliyeudhika si mimi. Aliyeudhika alikuwa mzee wa Kigiriki anayehesabu mizigo mlangoni. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi nilikuwa na ligi yangu." Kisha akatusimulia. Timu yake ni South Melbourne, iliyoasisiwa na Wagiriki, wenyewe wakiiita Hellas. Ilichukua ubingwa wa Australia mara nne. Januari 2000 ilikwenda Brazil kwenye mashindano ya klabu za dunia, ikacheza na Manchester United pale Maracanã. Ilifungwa mabao mawili kwa bila, lakini hilo mzee halimsumbui. Linalompa raha ni kwamba kocha aliyekaa kwenye benchi siku ile alikuwa mtoto wao wenyewe, Ange Postecoglou, aliyekuwa nahodha wa timu hiyo hiyo kabla hajawa kocha wake. Mwaka 2004 ligi ya zamani ikafungwa. Mwaka 2005 ikaanza A-League, na klabu mpya zisizonukia Ugiriki wala Kroeshia. Hellas haikupewa nafasi. Mzee hakuhamia Victory, hakuhamia Liverpool. Alibaki nje ya mlango, na hadi leo yuko hapo hapo.

Kwa hiyo si wote wanaoipa ligi ya nyumbani kisogo kwa sababu ya kiburi. Wengine walifungiwa nje. Na hata waliobaki ndani walichokozwa. Desemba 2022 viongozi wa ligi walitangaza kwamba fainali tatu zinazofuata, za wanaume na za wanawake, zimeuzwa kwa jiji la Sydney, timu yoyote iingie fainali. Mashabiki wakaanza kutoka viwanjani katikati ya mchezo kupinga. Tarehe 17 mwezi huo, kwenye mechi ya watani wa jadi wa Melbourne, watu wakavamia uwanja na kipa wa City akapigwa ndoo ya chuma usoni. Uamuzi wa kuuza fainali ulifutwa Oktoba 2023, lakini kidonda hakifutwi kwa tangazo.

Cha kushangaza, wiki mbili tu kabla ya vurugu hizo jiji hilo hilo lilikuwa limelewa furaha. Australia iliifunga Denmark bao moja kwenye Kombe la Dunia kule Qatar. Melbourne ilikuwa usiku wa manane, na umati umefurika Federation Square. Mfungaji alikuwa nani? Mathew Leckie, mchezaji wa Melbourne City, ligi ya kiinua mgongo! Hata tiketi ya kwenda Qatar ilipatikana kwa penalti dhidi ya Peru: Awer Mabil, mzaliwa wa kambi ya Kakuma kule Kenya, alifunga ya kwake, na Andrew Redmayne, kipa wa Sydney FC, akaokoa ya mwisho.

Halafu wakaja akina dada.

Matildas, timu ya taifa ya wanawake, walicheza Kombe la Dunia nyumbani mwaka 2023, Australia na New Zealand wakiwa wenyeji kwa pamoja. Mechi ya kwanza na Ireland, Sydney, iliingiza watu 75,784. Nahodha Sam Kerr aliumia kabla hata haijaanza, watu wakashika vichwa, lakini timu ikasonga. Nusu fainali na Uingereza, ambayo walifungwa 3–1, ilitazamwa kwenye televisheni na wastani wa watu milioni 7.13, idadi kubwa kuliko zote tangu mfumo wa sasa wa kuhesabu watazamaji uanze mwaka 2001. Nchi ambayo soka lilikuwa mchezo wa wageni, jamani!

Robo fainali na Ufaransa tuliiangalia ghalani. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Agosti. Msimamizi alisema tutazame dakika tano tu, lakini ilipofika penalti yeye ndiye alikuwa amekaa mbele kabisa. Penalti zikapigwa, zikapigwa, mpaka zikafika ishirini. Akaja msichana mmoja aliyeingia kutoka benchi, Cortnee Vine, akaiweka wavuni. Saba kwa sita. Foklifti alinikumbatia nikakosa pumzi, kisha akaniuliza:

"Huyu anacheza klabu gani Ulaya?"

"Anacheza Sydney FC."

"Sydney hii?"

"Sydney hii hii, kaka."

Mzee wa Kigiriki hakusema kitu. Alitabasamu kama mtu aliyelipwa deni la zamani, ingawa si lote.

Tangu hapo Foklifti amebadilika, lazima nimpe haki yake. Anaamka usiku si kwa ajili ya Liverpool tu. Aliamka kwa ajili ya Chelsea ya wanawake alikokuwa Kerr, akaamka kwa ajili ya Arsenal ya Steph Catley na Caitlin Foord. Mei 2024 Arsenal hiyo ya wanawake ilipokuja Melbourne kucheza na nyota wa ligi ya hapa, watu zaidi ya 40,000 waliingia, naye alikuwemo. Ndipo nikaona tofauti. Shabiki wa soka la wanaume huku alitazama ng'ambo ili kuikimbia nyumbani. Shabiki wa Matildas anatazama ng'ambo kumfuata mtoto wa nyumbani. Macho yanaelekea kule kule, ila moyo umesimama pengine. Hilo ni jambo kubwa, na wanaowabeza kwamba wanafuata mkumbo hawajaliona.

Lakini muhuri bado ni ule ule. Njoo kwenye mechi ya kawaida ya ligi ya wanawake. Utasikia kipa akiwaita mabeki wake kwa majina, utasikia mpira ukigonga mwamba. Msimu wa 2023–24 ulivunja rekodi, watazamaji wakazidi 300,000, na watu wakapiga makofi. Piga hesabu: msimu mzima, timu zote, ni kama usiku minne ya ule mchezo wa Ireland. Mshahara wa chini msimu huo ulikuwa dola 25,000 za Australia, kiasi ambacho hata sisi wabeba maboksi tunakipita. Vine mwenyewe, mwaka 2024, alihamia North Carolina Courage ya Marekani. Nani atamlaumu?

Mechi hizo huwa naenda na mpwa wangu. Ana miaka kumi na mitano, winga wa kushoto, ukutani kwake kuna picha ya Foord. Mama yake, dada yangu, analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kulipa mamia ya dola kila msimu ili mtoto avae jezi ya klabu ya mtaani. Msimu uliopita, tukila chakula cha jioni baada ya mechi, mtoto akauliza bila kunitazama:

"Mjomba, nikifika ligi ya hapa nikaishia hapo, nitakuwa nimefeli?"

Nilikuwa bado natafuta maneno mazuri, si mnajua sisi waandishi. Dada akanitangulia, mkono bado kwenye sufuria.

"Kocha wako anacheza wapi?"

"Ligi ya hapa."

"Basi kesho mwulize yeye kama amefeli."

Mtoto akanyamaza, akala. Sijui kama alimwuliza. Ninachojua ni kwamba wiki ile alifika mazoezini kabla ya wenzake.

Nawaletea habari hizi ninyi mnaoandika kwa sababu mnazijua kwa jina lingine. Ni nani kati yetu hajaambiwa, akionyesha hadithi yake katika gazeti dogo kama hili, "Ngoja siku uchapwe London"? Kwenye taarabu mwimbaji hatunzwi na mapenzi ya watu waliolala majumbani. Hutunzwa na mtu aliyeinuka kitini, akatembea mpaka mbele, noti mkononi.

Jumapili tunakwenda tena mpirani, mimi na mpwa wangu. Mzee wa Kigiriki amesema ataangalia magoti yake yatakavyoamka. Foklifti ameahidi kuja, kama hatakuwa amekesha na Liverpool.