Liemba: Meli iliyozama mara mbili na kurudi kazini

Wazee wa Kisumu wakianza kuzungumza juu ya meli, hawakosi kutaja Usoga, Nyanza, Victoria na Uhuru, na mara nyingi mazungumzo hayo huishia kwa kutikisa vichwa na kusikitikia siku zilizopita. Hata hivyo, shirika lile lile la Reli na Bandari za Afrika Mashariki lililoziendesha meli hizo likiwa na makao yake makuu jijini Nairobi, lilikuwa na meli nyingine mbali sana na Ziwa Victoria, ambayo Wakenya wachache waliijua. Kituo chake kilikuwa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, na jina lake ni Liemba.

Msomaji, meli hii imeishi maisha ambayo binadamu akisimuliwa kuwa ni ya mtu atadhani ni hekaya za paukwa pakawa. Imebadilishwa jina, imebadilishwa bendera mara kadhaa, imezamishwa kwa makusudi na ikazamishwa tena na dhoruba. Kila mara iliibuliwa ikarudi kazini.

Iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, katika karakana ya Meyer Werft, karakana ambayo hadi leo huunda zile meli kubwa za kifahari za watalii. Mafundi waliiunganisha, wakahakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote tena. Vipande vilitiwa katika makasha yapatayo 5,000, vikapakiwa melini Hamburg, vikateremshwa Dar es Salaam, na kutoka hapo vikasafirishwa kwa gari la moshi kuelekea Kigoma, safari ya kilomita 1,250 hivi. Si ajabu kwetu, kwa maana meli za mwanzo za Kisumu nazo zilipandishwa kwa vipande kutoka Mombasa. Lakini hii ilikuwa na urefu wa mita 70, na mafundi watatu tu ndio waliotumwa na karakana kusimamia kazi: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliokuwa wakibeba, kuinua na kugonga misumari ya ribiti juani walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuandikwa popote katika habari hizi.

Mafundi hao walidhani wanakwenda kuunganisha meli ya abiria na mizigo. Kumbe mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vililipuka kazi ikiwa haijakwisha. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari, 1915, ikiwa tayari ni chombo cha kijeshi.

Jina iliyopewa lilikuwa Graf von Götzen. Mwanafunzi wa historia atalikumbuka. Huyu Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni la Kijerumani kutoka 1901 hadi 1906, na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Wanajeshi wake walichoma vijiji, maghala na mashamba kusini mwa Tanganyika mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa makumi ya maelfu, na wako wanaosema wanafikia laki tatu. Hilo ndilo jina lililopakwa rangi ubavuni mwa meli iliyokuja kulishwa, kuendeshwa na kupendwa na wajukuu wa watu wale wale.

Katika vita, Götzen ilikuwa fahali wa ziwa. Ilibeba mamia ya askari kati ya Kigoma na Bismarckburg, mji ambao leo ni Kasanga, na sitahani ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya mto Rufiji mwaka 1915. Waingereza hawakuwa na meli ya kushindana nayo. Wakatuma mashua mbili ndogo za mota, zikasafiri kwa bahari hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, kisha zikakokotwa porini na milimani kwa magari ya mvuke na maksai. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, yaani milio ya paka na mbwa kwa Kifaransa. (Mswahili akilisikia hilo jina la kwanza bila shaka atauliza, “Wewe nani?”) Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Lakini kazi aliifanya. Desemba 1915 aliteka mashua ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe hakuithubutu.

Hatimaye si mzinga ulioiondoa ziwani. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakikaribia Kigoma, na Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Hapa ndipo wale mafundi watatu walipofanya jambo la busara. Amri ilikuwa kuizamisha, lakini nani aliyesema ni lazima iharibiwe? Walizipaka mashine zote grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaiteremsha polepole karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mahali ambapo kina ni mita 20 hivi. Ziwa hili lina mahali penye kina cha mita 1,470. Wangetaka ipotee milele, wasingeshindwa.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Kisha wakaja Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika, nao wakaiibua tarehe 16 Machi, 1924. Walipofungua chumba cha mashine walikuta kwamba ile grisi ya Rüter na wenzake ilikuwa imefanya kazi yake, na mashine ziliweza kutumika tena. Tarehe 16 Mei, 1927, meli ilianza kubeba abiria kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo David Livingstone aliwasikia wenyeji wa kusini wakiliita ziwa hilo alipofika mwaka 1867.

Mambo ya vita ndiyo yanayopendwa na waandishi wa vitabu na watengeneza filamu. Hata ile sinema ya mwaka 1951, The African Queen, inasemekana ilichota kisa chake humu. Mimi naona sehemu kubwa ya maisha ya Liemba ilianza hapo vita vilipokwisha. Vita viliitumia mwaka mmoja na kitu. Wachuuzi, akina mama, wanafunzi na wagonjwa waliitumia kwa miaka zaidi ya 80.

Ukiangalia ramani utaelewa sababu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na limezungukwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Upande wa Tanzania milima mahali pengi inateremka hadi majini, na vijiji vingi havikuwa na barabara ya maana. Liemba ndiyo iliyokuwa barabara. Kwa miaka mingi iling’oa nanga Kigoma Jumatano alasiri, ikashuka kusini kupitia Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kipili na Kasanga, na Ijumaa asubuhi ikawa Mpulungu, Zambia, kabla ya kugeuza.

Karibu vituo vyote hivyo havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuo, honi ikalia, na hata kama ni saa nane za usiku mashua na mitumbwi ilichomoka gizani kwa makelele, kila moja ikigombea kufika kwanza kwenye mlango wa ubavuni. Hapo mtu alishuka na mwingine akapanda kwa wakati mmoja. Watoto walipokezanwa kama vifurushi. Magunia ya mahindi na ya dagaa, mananasi, vitanda, mabati, kuku waliofungwa miguu, vyote vilipita mlango huo huo huku mawimbi yakiinua mtumbwi na kuushusha. Waliokuwa na pesa walilala katika vyumba vya daraja la kwanza. Wa daraja la tatu walijibana popote kati ya mizigo, na harufu ya dagaa haikubagua daraja. Nusu saa baadaye honi ililia tena, na kijiji kilichobaki nyuma kilikuwa kimepata sabuni, mafuta ya taa na habari za dunia.

Mashine zake za mvuke, zilizokula kuni, ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Liemba ilibaki mikononi mwa Tanzania. Mwaka 1993 ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark, ikawa na nafasi ya abiria 600 na shehena ya tani 200.

Miaka minne baadaye kazi ikabadilika. Mobutu alipoondolewa mwaka 1997, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi Liemba kuwarudisha kwao makumi ya maelfu ya Wakongo waliokuwa wamekimbilia Kigoma. Mei 2015 ikaitwa tena. Warundi waliokuwa wakikimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao walifurika katika kijiji cha Kagunga, ufuo mwembamba uliobanwa na mlima, bila barabara. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutokea ilikuwa majini, na Liemba ikawa inawachukua watu 600 kwa safari, wakipandishwa kutoka mashuani kama abiria wa siku zote, ikawapeleka Kigoma ili waendelee kwa basi hadi kambi ya Nyarugusu. Meli iliyozinduliwa kwa jina la mtu aliyechoma maghala ya chakula sasa ilikuwa ikiwaokoa wakimbizi.

Mwaka 2018 Liemba iliacha safari zake kwa sababu ya uchakavu, na serikali ya Tanzania ikaweka mipango ya kuifanyia ukarabati mkubwa. Wako wanaoona kwamba chombo cha umri huu kinafaa kugeuzwa makumbusho, kitiwe rangi, na watalii walipe kukiangalia. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Nairobi au Papenburg. Anayetoka Kigoma kwenda Kirando na magunia yake kumi hana haja ya makumbusho. Liemba iliposimama, aliyekosa barabara alirudi kwenye boti za mbao, ambazo hujazwa watu na shehena hadi ukingoni. Na kuanzia mwezi wa Mei kusi ikishika, ziwa huchafuka kama bahari, na mwenye boti hulazimika kutafuta ghuba ya kujificha na kungoja upepo utulie, abiria wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao.