Noeli ya Watoto katika Barani

Mwezi wa Disemba, msafiri atokaye Mombasa kwenda Kilifi na Malindi huukuta upepo wa kaskazi umekwisha kushika. Jua ni kali, maembe yameiva, na mikorosho inaangusha matunda yake. Hakuna theluji wala baridi kama ionekanavyo katika kadi za Noeli zitokazo Ulaya. Lakini Bethlehemu nako kulikuwa na mbuzi, vumbi na wageni wasio na mahali pa kulala, mambo ambayo mtoto wa Barani huyaelewa bila kufasiriwa.

Habari za Noeli zilipita pwani hii zamani sana. Siku ya Noeli ya mwaka 1497 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa kusini mwa Afrika, na nchi waliyoiona wakaiita Natal, maana yake Kuzaliwa. Aprili 1498 merikebu hizo zikatia nanga Malindi. Mwaka 1542 Fransisko Xavier naye alipita hapo akielekea Goa. Kanisa dogo la Wareno, lililoezekwa makuti, lingali linaonekana mjini, na kando yake yamo makaburi. Lakini mabaharia hao walikuwa wapitaji, na neno lao halikukaa katika ndimi za wenyeji.

Neno lilikaa Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina pamoja na binti yao mchanga. Wengi wangalirudi kwao. Yeye alibaki, na mwaka 1846 alianza kazi Rabai pamoja na mwenziwe Johannes Rebmann. Mwaka 1848 ikachapishwa huko Bombay Injili ya Luka katika lugha ya Warabai, ambayo wageni wa siku zile waliiita Kinyika. Luka ndiye aelezaye habari za hori, nguo za kitoto na wachungaji wa usiku. Basi mtu aliyezika mtoto wake ndiye aliyewafasiria wenyeji habari za Mtoto aliyezaliwa.

Ni vema wazazi wakumbuke jambo hilo, kwa maana siku hizi Noeli imekuwa mzigo katika nyumba nyingi. Baba asiye na fedha za nguo mpya huona haya mbele ya watoto wake, na mama huingia deni la mchele na nyama. Mtoto naye akiona hivyo hudhani ya kuwa sikukuu ni duka, na asiyenunuliwa kitu hana sikukuu. Hapo ndipo hasara ilipo, kwani ni nani aliye karibu na hori kuliko mtoto wa maskini?

Yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Tawi la mvinje hukatwa, likasimamishwa nyumbani na kupambwa kwa karatasi za rangi. Watoto hufinyanga ng'ombe, mbuzi na hori kwa udongo. Jioni, kabla ya kulala, baba au bibi huwasimulia habari za Luka kwa lugha ya nyumbani, kipande kimoja kila siku, hata siku ya sikukuu ifike nao wameingoja. Mdogo kabisa hupewa kazi ya kumlaza Mtoto horini, na huifanya kwa uangalifu mkubwa.

Asubuhi baada ya ibada, watoto hutumwa kupeleka sahani ya mahamri na mbaazi kwa majirani, hata walio Waislamu, nao humtaja Nabii Isa bin Mariamu kwa heshima. Mtoto aliyebeba sahani hiyo kwa mikono miwili hujifunza kwamba Noeli ni kutoa, wala hasahau upesi.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nguo mpya itachakaa kabla ya masika. Lakini habari aliyosikia magotini pa bibi yake, jua likitua nyuma ya minazi, ataibeba hata atakapokuwa na watoto wake mwenyewe wa kusimulia.