Kabla ya Rangi

Ukionyeshwa Volkswagen Beetle ya miaka ya sabini inang'aa, macho hukimbilia rangi. Mimi huanza na sumaku. Yangu niliing'oa kwenye spika mbovu, nikaifunga kitambaa isichubue rangi. Unaiburuta polepole kwenye bodi. Penye bati inang'ang'ania. Penye fila, ule unga wa kuzibia mashimo, inateleza.

Beetle niliyoitaka ilikuwa Tudor, Mombasa, na ilikuwa imeishi huko miaka yote. Kutu huanza chuma kikikutana na maji na hewa. Chumvi huongeza kasi, na upepo wa bahari hauna likizo. Mzee mwenye gari alitaka 450,000. Lilikuwa ndio limetoka kupakwa rangi.

"Mwanangu, gari hili limempeleka marehemu mke wangu kujifungua mara tatu," aliniambia.

Chini ya mlango wa kushoto, sumaku iliteleza. Hiyo si noma sana, mlango hubadilishwa. Ninachoogopa kwenye Beetle ni zile njia za hewa moto zinazopita chini ya milango, kutoka injini iliyo nyuma kuja mbele. Ni maboksi ya bati jembamba tu, lakini ndiyo yanayoikaza bodi. Yakiliwa na kutu, siku ya ajali huna kinga ya maana.

Nikaliinua kwa jeki upande mmoja. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukakwama. Gari lilikuwa linapinda katikati. Nikatoa kiti cha nyuma, pale betri inapokaa na asidi yake, nikagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti ya kadibodi. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kidogo. Ikapita. Kupitia tundu nikaona mchanga wa uani.

Mzee alikuwa nyuma yangu.

"Fundi aliniambia amekata kutu yote," akasema. "Alichukua elfu themanini."

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupenda kufika. Unasema gari limekufa, unatupa laki moja mezani, na mwenye gari, kwa aibu, anapokea. Nilikuwa nalitaka kwa bei ya chini, sikatai. Lakini kutu huhesabika, kwa hivyo niliomba karatasi, tukaketi barazani, nikaandika mbele yake.

Njia mbili mpya za hewa. Sakafu, nusu ya nyuma. Bado zinapatikana, maana Mexico waliendelea kuunda Beetle hadi 2003. Kukata mpaka bati safi lionekane, hata tundu likiwa mara tatu ya lile la mwanzo, kwa sababu kiraka juu ya kutu huifungia tu mlango iendelee kula. Kuchomelea bati la unene uleule. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha nta ndani ya maboksi, kule brashi isikofika. Na ufundi. Jumla: 190,000.

"Nikiitoa hiyo, inabaki 260,000," nikamwambia.

Mzee akavaa miwani, akapitia mstari mmoja mmoja kwa kidole. Kwenye nta akaniuliza bei tena. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hii naenda kumwonyesha yule fundi," akasema. "Wewe njoo Jumamosi na hiyo mia mbili sitini."