Karatasi za Bulla Kartasi

Bulla Kartasi, mtaa wetu wa Garissa, ilipochomwa, Novemba 1980, nilikuwa darasa la sita. Tulikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, juani, bila chakula. Ya pale uwanjani yamesimuliwa na wengi. Mimi fikira hunirudisha kwenye kasha la bati la mama.

Tulilikuta majivuni, kifuniko kimejikunja. Ndani karatasi zilikuwa bado zimepangana: vyeti vya kuzaliwa, barua ya kazi ya baba, daftari zangu. Zilikuwa nyeusi tititi, ila ukizitazama kwa upande uliona mwandiko uking'aa. Mama alisoma jina langu. Kaka akaigusa ile karatasi, ikamomonyoka.

Hasara yenyewe tuliijua 1989, Wasomali wa Kenya tulipotakiwa kuthibitisha uraia wetu, na aliyepita akapewa kadi ya waridi. Afisa alitaka karatasi. Ungemwambia ziliungua? Iliandikwa wapi kwamba ziliungua? Hali ya hatari huku kwetu ilikuwa bado haijaondolewa, na kuyataja ya 1980 hadharani kulikuwa kujitafutia balaa.

Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Garissa, wazee wakasema. Nchi nzima tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000, na Mei 2013 Rais Uhuru Kenyatta akakabidhiwa ripoti. Kitabu chenyewe sijawahi kukishika. Tovuti ya tume nayo ikazimika. Leo anayeitafuta ripoti ataipata kwenye hazina ya kidijitali ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, anakotoka Ronald Slye, mmoja wa makamishna watatu wa kigeni waliopinga sura ya ripoti kuhusu ardhi kubadilishwa.

Nashukuru, lakini inaniudhi. Mbona Seattle? Faili haliungui, ila seva hulipiwa, na mlipaji akichoka hayabaki hata majivu ya kuchakura. Wakutubi wa kuhifadhi mafaili huweka nakala kwenye mashine za miji mbalimbali, wakazilinganisha kila mara ili iliyoharibika itengenezwe kwa iliyo nzima. Basi mojawapo ikae hapa, kwenye maktaba yetu au chuo kikuu.

Mwanangu hakungoja. Amepakua Juzuu ya 2A, ilimo habari yetu, akaitia kwenye flashi kadhaa. Moja iko Wajir kwa shangazi yake. Nimemwambia aongeze 2B kabla bando halijaisha.