Diski ya GN

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Kutoka Olympic hadi Kawangware 46 leva ya breki ya mbele ilinipigapiga vidole kila nilipoibana. Kwenye matope ya Gatina abiria alinishika mabega akauliza kama tuko salama. Nikamwambia tuko salama, nikapunguza mwendo.

Jioni nimeinua gurudumu la mbele juu ya kreti ya soda. Nimefunga spoki kuukuu kwenye foku, ncha yake karibu na diski, nikazungusha. Upande mmoja inakwaruza, upande wa pili inaachana na chuma kabisa. Diski imepinda. Ukingoni pamebaki tuta linalokwaza ukucha, na usoni kuna madoa ya bluu ya kuungua. Venia ya fundi inasema imelika karibu nusu milimita chini ya kipimo cha mwisho kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Udongo mwekundu ukishachanganyika na maji, kila ukibana breki unasaga chuma.

Mwenyekiti wa steji ana jawabu moja kwa kila ugonjwa: "Mzee, uza hiyo nduthi uchukue Boxer ya mkopo." Mkopo hulipwa kila siku, hata siku ya mvua kama ya leo. Suzuki GN yangu haidaiwi na mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepita maduka ya spea ya Naivasha Road, kisha jioni nikapitia Makina na kando ya Toi. Mazungumzo ni yale yale.

"Ni ya nini?"

"Suzuki GN 125."

"Hiyo hakuna. Boxer iko, TVS iko."

Siwalaumu. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya CC 250 mwaka 2008, mtaa umejaa aina chache tu, na mwenye duka ananunua kinachotoka. Boxer nyingi za hapa zina breki za shoo zilizofungwa ndani ya gurudumu. Shoo zinauzwa kama mkate wa asubuhi, diski inakaa rafuni ikikusanya vumbi. Mmoja amenionyesha diski ya Pulsar. Kwa macho tu niliona tundu la katikati halitakaa kwenye habu yangu. Akasema, "Tutalitanua." Nikamshukuru, nikaondoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Ushauri wa bure umekuwa mwingi. Wa kwanza: ipeleke ikakerezwe, inyooke. Ingekuwa nene ningekubali. Hii tayari iko chini ya kipimo, na kukereza ni kuipunguza zaidi. Diski nyembamba inashika moto haraka, na ikishapata moto inapinda tena.

Wa pili: kuna fundi wa jua kali anayekata diski kutoka bamba la chuma kwa bei ya chakula cha mchana. Nimeiona kazi yake, na mkono wake ni mzuri, matundu yamepangwa sawasawa. Lakini diski za pikipiki hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichotiwa ugumu kwa moto. Nilipitisha tupa ukingoni mwa diski yangu mbovu, ikateleza. Nikaipitisha kwenye yake, ikang'ata na kuacha unga mweupe. Chuma laini hicho. Kikilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi kina kutu, na baada ya miezi michache pedi zitakuwa zimekichimba mitaro. Sumaku haisaidii kuvitofautisha, maana inashika vyote viwili. Tupa ndiyo inayosema kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeacha kutafuta Suzuki. Nimeiondoa diski, nikakaa nayo kwa fundi hapa Kawangware, tukaipima yote: upana kutoka ukingo hadi ukingo, tundu la katikati, idadi ya matundu ya boliti, umbali kati ya tundu na lile linalolielekea, na unene. Cha mwisho ndicho watu wengi hukisahau: kina. Diski ikiwekwa juu ya meza hailali yote, katikati imeingia ndani kidogo. Kina kikikosea kwa milimita mbili, diski inafunga vizuri kabisa na kalipa inakataa kukaa. Namba zote nimeziandika ndani ya jalada la daftari hili.

Fundi amenikumbusha kwamba GN imekuwepo tangu 1982, na viwanda vya Uchina vimeitengeneza na kuiiga kwa miaka mingi. Diski yangu inaweza kuwa imelala kwenye boksi lenye jina nisilowahi kulisikia.

Jumanne, 15 Aprili

Petroli imeshuka usiku hadi 174.63 kwa lita. Shilingi mbili kasoro. Haitoshi hata boliti.

Nimepanda matatu ya 46 hadi mjini, diski mbovu ndani ya gunia, nikashuka hadi Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Katika duka moja nimemkuta mama mtu mzima. Sikutaja pikipiki. Nimeweka diski juu ya kaunta na kusoma namba.

"Hii ni ya nini, baba?"

"Mama, tuangalie namba kwanza."

Akacheka, akamtuma kijana juu ya ngazi. Ya tatu kushushwa ilikubali vipimo vyote, na kina pia. Ilikuwa na jina la Kichina. Nimeilaza juu ya kioo cha kaunta, haikucheza. Tupa imeteleza. Alianzia 1,800, tukakutana kwenye 1,300, na pedi mpya 350. Kulikuwa na ya mtumba ya 600, lakini ukingo wake tayari ulikwaza ukucha.

Alhamisi, 17 Aprili

Diski imefungwa jana jioni. Boliti tumezikaza kwa kupishana, moja na ya upande wa pili, ili isivutwe upande mmoja. Mafuta ya kiwandani tumeyafuta kwa thina, na pedi za zamani tumezitupa, kwa sababu zimeshachukua umbo la mitaro ya diski iliyokufa.

Leo alfajiri, kabla magari hayajajaa Kibera Drive, nimezizoesha diski na pedi mpya: mwendo wa wastani, nabana hadi karibu kusimama, naachia, napumzika, narudia. Mwanzoni breki ilikuwa nzito na butu. Kufikia Olympic ilikuwa inashika, na leva imetulia kabisa mkononi.

Steji leo ina pesa, watu wanakimbilia mashambani kabla ya Ijumaa Kuu. Katikati ya pilikapilika mwenyekiti amenivuta kando: shemeji yake wa Kabiria ana GN na breki yake inapiga. Nimemnakilia namba za jalada. Nimemwambia shemeji apime yake pia, maana haijulikani ilishabadilishwa mara ngapi, na akifika dukani asitaje Suzuki mpaka diski iwe juu ya kaunta.