Zambarau ya Dirishani

Ufikapo mwezi wa Julai, nyanda za kati huwa zimekwisha vua nguo. Mvua za Dodoma hunyesha tangu Disemba hadi Aprili, na baada ya hapo nchi hukauka pole pole, nyasi zikageuka rangi ya ngozi ya simba, mibuyu ikabaki mitupu. Upepo ule ambao pwani twauita kusi, huku hufika mkavu, umebeba vumbi. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na alfajiri watu hutoka wamejitanda mashuka mazito.

Katika nyumba moja ya mtaa wa Kisasa, kipupwe hicho kilikuwa na rangi moja tu iliyo hai. Ilikaa dirishani, ndani ya kopo la maziwa ya unga: ua la Usambara, petali zake za zambarau iliyokolea, kitovu chake cha manjano, majani yake yenye manyoya laini. Mwenye nyumba ni mtumishi wa serikali. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, mji uliochaguliwa kuwa makao makuu tangu 1973. Naye akahama kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, kopo lile amelipakata mapajani safari nzima. Mmea huo uliota kutokana na jani moja alilopewa na mama yake, huko Lushoto.

Ua hili limewahi kusafiri mbali zaidi. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika Tanga, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Tangu hapo limepamba madirisha ya Ulaya na Marekani wakati nje kumejaa theluji. Mwaka 2015 wataalamu wakalivua jina la baroni na kuliingiza katika ukoo wa Streptocarpus. Wajerumani wa kawaida hawakujali. Wao waliita na wangali wakiita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Huko kwao penyewe, jamaa zake wa porini huota miambani chini ya vivuli vya msitu, na kadiri msitu unavyokatwa, baadhi yao wamo hatarini kutoweka.

Siku moja simu ilitoka Lushoto. “Shikamoo, Mama.” “Marahaba, mwanangu. Langu limeoza kwa masika. Nipigie picha la kwako, nione kama rangi ni ileile.” Mama amepita miaka 80 na safari ndefu haziwezi tena.

Ikaonekana kazi ndogo. Picha ya kwanza ilipigwa kwa taa ya simu: petali zikapauka, majani yakang’aa kama yaliyopakwa mafuta. Ya pili, chini ya balbu ya sebuleni, ua likaelekea wekundu. Ya tatu, kivulini, likatoka buluu tupu. Zambarau husimama kati ya nyekundu na buluu kama mtu aliyesimama ukingoni mwa mtumbwi. Kamera hukisia weupe wa mwanga ulipo. Ikikosea kidogo, rangi nyingine hustahimili, lakini zambarau huanguka upande mmoja.

Binti akangoja saa sita mchana. Dodoma iko nyuzi sita kusini mwa Ikweta, na mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini. Akalihamishia kopo kwenye dirisha la kaskazini, akashusha pazia jeupe jepesi ili mwanga upoe, akasimamisha karatasi nyeupe upande wa pili irudishe nuru kwenye kivuli, akaiegemeza simu juu ya vitabu isitikisike. Picha ikawa karibu na kweli. Lakini angejuaje kwamba kioo cha simu ya Lushoto kingeonyesha hivyo hivyo?

Hapo akaikumbuka kanga. Siku ya kuagana walikuwa wamegawana doti moja ya zambarau, kila mmoja kipande chake, navyo havikutolewa sandukuni ila kwa sikukuu. Akakitandika kipande chake chini ya kopo, akapiga tena, akaituma na maneno machache: “Mama, toa kanga yako uiweke kando ya picha. Kadiri kanga ilivyopotoka humo, na ua limepotoka kadiri hiyo.”

Jibu lilikuja jioni, kwa sauti. Mama alikuwa amekaa mlangoni na mjukuu, kanga magotini. “Simu imeipeleka kwenye buluu kidogo. Nikiirudisha kwa macho yangu, rangi ni yenyewe. Ila majani yana madoa meupe, mwanangu. Unalimwagia maji ya baridi kwa juu. Weka maji ya vuguvugu kwenye sahani, linywe kwa chini.”

Binti akalitazama kopo. Madoa yalikuwapo, matano au sita. Mchana kutwa alikuwa amezikodolea macho petali.

“Na ukate jani moja lenye kikonyo,” sauti ikaendelea, “ulifunge kwa kitambaa kibichi, unitumie.”

Kesho yake, kabla ya jua, jani lile lilipanda basi.